Kosa la Uchochezi: Kutoka Mkatale wa London hadi Jela ya Kamiti

Tarehe 30 Juni 1637, mbele ya umati uliofurika kwenye uwanja wa Westminster mjini London, watu watatu walitiwa kwenye mkatale wakakatwa masikio. Mmoja alikuwa mwanasheria, William Prynne. Wa pili mchungaji, Henry Burton. Wa tatu tabibu, John Bastwick. Kosa lao lilikuwa kuandika. Waliwakosoa maaskofu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu hao walikuwa watu wa mfalme. Prynne alikuwa ameshakatwa masikio miaka mitatu kabla kwa ajili ya kitabu kingine, kwa hiyo safari hii mnyongaji alimkata vipande vilivyosalia, kisha akampiga chapa ya moto mashavuni. Chapa hiyo ilikuwa herufi mbili, S na L, za kumtambulisha popote aendapo kuwa ni mwandishi wa kashfa za uchochezi.

Nimeanza mbali, lakini ndiko ilikoanzia habari yetu. Huku Afrika Mashariki kosa la uchochezi tumelizoea kiasi cha kulidhania letu. Limewapeleka jela wahariri, washairi, wanasiasa, wachungaji na wanafunzi. Limetumiwa na magavana wa Kiingereza, na walipoondoka likatumiwa na marais wetu. Kizazi baada ya kizazi tumebishana kama fulani alichochea au hakuchochea, na mara chache tu tumeuliza kosa lenyewe lilitungwa na nani, na lilitungwa limlinde nani.

Lilitungwa na mahakama moja ya Kiingereza iliyoitwa Star Chamber, chombo cha mfalme kilichohukumu bila ya raia kushirikishwa katika uamuzi. Mwanzoni mwa karne ya 17 ilisikiliza kesi ya mtu aliyetunga shairi la kumkejeli askofu mkuu aliyekuwa amefariki. Mwanasheria mashuhuri Sir Edward Coke ndiye aliyeiweka kesi hiyo katika maandishi, na kanuni zilizotokana nayo ziliishi karne nyingi. Kumsema vibaya mtawala ni kosa zito kuliko kumsema mtu wa kawaida, kwa sababu anayeumia ni serikali nzima. Na ukweli wa maneno haumwokoi aliyeyasema. Wanasheria wa zama hizo walishikilia kwamba kadiri tuhuma ilivyo ya kweli ndivyo inavyozidi kuwatia watu hasira, na kwa hiyo ndivyo inavyozidi kuwa hatari.

Naomba msomaji aitafakari kanuni hiyo ya pili. Inasema kwamba ukithibitisha mbele ya hakimu kuwa kiongozi ameiba, uthibitisho wako hautakusaidia. Kila kitu kinachofuata katika historia hii kimejengwa juu ya msingi huo.

Star Chamber ilivunjwa mwaka 1641, lakini kosa halikuvunjwa nayo. Lilihamia katika mahakama za kawaida. Huko lilikutana na kikwazo ambacho mfalme hakukitarajia, yaani raia wa kawaida wanaokaa mahakamani kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kwa muda mrefu majaji waliwaambia raia hao kazi yao ni kuamua tu kama mshtakiwa ndiye aliyechapisha. Kama maandishi ni ya uchochezi, hilo wamwachie jaji. Mwaka 1792 Bunge, kwa hoja ya Charles James Fox, lilipitisha sheria iliyowapa raia uamuzi wote. Magazeti na wapinzani hawakupona mara moja, kwa sababu miaka ya vita na Ufaransa ilijaa kesi za aina hii, na William Cobbett alifungwa miaka miwili mwaka 1810 kwa kulaani askari kuchapwa viboko. Hata hivyo taratibu sheria ilipungua makali. Mwaka 1886 viongozi wa wafanyakazi wa London walioshtakiwa kwa uchochezi, akiwemo John Burns, waliachiwa huru. Ilipofika karne ya 20, majaji wa Uingereza walikuwa wamekubaliana kwamba kuiponda serikali peke yake si kosa. Lazima upande wa mashtaka uthibitishe kuwa mtu alikusudia kuzusha fujo au matumizi ya nguvu.

Kwa hiyo ndani ya Uingereza kosa hili lilikuwa linazeeka. Katika makoloni ndiyo kwanza lilikuwa linapata nguvu.

India ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1870 James Fitzjames Stephen, mwanasheria wa serikali ya kikoloni huko, aliliingiza kosa la uchochezi katika kanuni ya adhabu. Mahatma Gandhi alishtakiwa nalo mjini Ahmedabad mwaka 1922 kwa sababu ya makala zake gazetini. Alikiri, akafungwa miaka sita. Afrika Mashariki ilipata kanuni zake za adhabu mwaka 1930, Kenya na Tanganyika mwaka huo huo, na ndani yake mlikuwa na vifungu vinavyofanana karibu neno kwa neno. Nia ya uchochezi ilielezwa kuwa ni nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali, au wapoteze utii kwayo, au kuleta uhasama baina ya matabaka ya watu. Hapakuwa na sharti la fujo. Palikuwa pia na kifungu ambacho mimi nakiona kibaya kuliko vyote. Hata aliyekutwa tu na maandishi ya uchochezi, bila ya kuyaandika wala kuyagawa, alikuwa na kesi ya kujibu.

Kama kulikuwa na shaka juu ya tofauti kati ya Mwingereza wa London na mtu wa koloni, iliondolewa na kesi iliyotoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1936 I. T. A. Wallace-Johnson, mwanaharakati wa Sierra Leone, aliandika katika gazeti la African Morning Post la Accra, lililohaririwa na Nnamdi Azikiwe, makala iliyouliza kama Mwafrika ana Mungu. Aliwashambulia Wazungu waliohubiri dini huku wakinyang'anya watu mali. Alitiwa hatiani akakata rufani mpaka London, kwenye Baraza la Mfalme lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni. Wakili wake alisema jambo jepesi kueleweka, kwamba Uingereza haimfungi mtu kwa uchochezi bila ya ushahidi wa kuchochea nguvu, na Accra iwe hivyo hivyo. Majaji wakakataa. Walisema sheria ya Uingereza ni ya Uingereza, na sheria ya koloni isomwe kama ilivyoandikwa. Mtawaliwa hakuhitaji kuchochea fujo ili afungwe. Maneno yake yalitosha.

Serikali za huku zilikuwa zikifanya hivyo tayari. Mwanzoni mwa 1930 serikali ya Kenya iliupiga marufuku Muthirigu, wimbo wa kuchezwa uliowasema wamishonari na machifu nchini mwa Wakikuyu, na walioimba wakafungwa. Muigwithania, gazeti lililowahi kuhaririwa na Jomo Kenyatta mwishoni mwa miaka ya 1920, lilizimwa mwaka 1940. G. L. Vidyarthi wa Colonial Times ya Nairobi alifungwa kwa uchochezi katika miaka ya 1940. Ilipotangazwa hali ya hatari mwezi Oktoba 1952, magazeti ya Kikuyu yalifungwa karibu yote, na mwandishi na mchapishaji Gakaara wa Wanjau akatupwa kizuizini kwa miaka kadhaa. Zanzibar mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa sababu ya makala za gazeti lao la Al-Falaq. Wenzao wakajibu kwa kuligomea Baraza la Kutunga Sheria.

Tanganyika nayo haikusalimika. Wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alifikishwa kortini mwaka 1958 kwa kuandika katika Sauti ya TANU kwamba mabwana shauri wawili wanawaonea watu. Shtaka lake lilikuwa la kashfa ya jinai, ndugu wa damu wa uchochezi, na aliyemtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili yule yule wa Kiingereza aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ililipwa, Mwalimu akaendelea na safari ya uhuru.

Kwa hiyo waliopokea madaraka katika nchi zetu waliijua sheria hii kwa kuionja. Walikuwa na kila sababu ya kuifuta siku ya kwanza. Hawakuifuta. Bendera zikapandishwa, nyimbo za taifa zikaimbwa, na kanuni ya adhabu ya 1930 ikabaki na vifungu vyake vya uchochezi. Palipoandikwa serikali ya mfalme pakaandikwa serikali ya jamhuri. Tanzania ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 1968 sheria ya magazeti iliyotoka ukoloni ilirekebishwa ili Rais aweze kulifungia gazeti, na mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Magazeti iliyoyachukua makosa ya uchochezi na kuyaweka ndani yake. Uganda mwaka huo huo wa 1968 ilimkamata Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, pamoja na mbunge Abu Mayanja, kwa barua iliyoikosoa serikali kuhusu katiba na uteuzi wa majaji Waafrika.

Kesi iliyonigusa kuliko zote ni ya Mombasa, na nitakaa nayo kidogo.

Mwezi Agosti 1968 Kenya ilijiandaa kwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Chama cha upinzani, Kenya People's Union cha Jaramogi Oginga Odinga, kilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Wagombea wake walipopeleka karatasi za kuomba kugombea, wasimamizi walizikataa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Wagombea wapatao 1,800 waliondolewa hivyo, nchi nzima, na wa chama tawala cha KANU wakapita bila ya kupingwa. Kijana mmoja wa Mombasa, mfanyakazi wa idara ya hesabu katika baraza la mji, hakuweza kunyamaza. Jina lake Abdilatif Abdalla, umri wake miaka 22. Kwao ushairi na siasa vilikuwa vya nyumbani. Kaka yake Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo alikuwa malenga anayejulikana pwani nzima, na kaka mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa amekaa katika siasa za pwani tangu kabla ya uhuru.

Mwezi Novemba Abdilatif aliandika waraka wa Kiswahili alioupa jina la Kenya: Twendapi? Ulisambazwa kwa siri. Uliwauliza Wakenya kama uhuru walioupigania ndio huu, na ukaishutumu serikali ya KANU kuwa imegeuka ya kidikteta. Mwezi Desemba akakamatwa. Machi 1969 alitiwa hatiani kwa uchochezi. Hukumu ya kwanza ilikuwa kifungo cha miezi 18; serikali ikaona haitoshi, ikakata rufani, kikawa miaka mitatu. Mwezi Oktoba mwaka huo chama chenyewe kikapigwa marufuku, na Kenya ikabaki na chama kimoja.

Miaka yake mitatu, Kamiti na Shimo la Tewa, aliitumikia peke yake chumbani, ametengwa na wafungwa wengine. Hakuruhusiwa karatasi wala kalamu. Aliandika kwenye karatasi za chooni, akaficha, na askari jela mmoja aliyemhurumia akamsaidia kuzitoa nje. Anayeyajua mashairi hayo anajua jinsi yalivyopangika: vina havijayumba, mizani haijapungua, kana kwamba mtunzi alikuwa na dawati na utulivu wote wa dunia. Aliachiwa Machi 1972, akaondoka kwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Chuo Kikuu, kwenye taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1973 Oxford University Press iliyachapa mashairi kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mmoja wa tungo zake, Kuno Kunena, unahusu jambo hili hili la mtu kuadhibiwa kwa kusema. Mwingine, Siwati, jina lake peke yake linatangaza kuwa mfungwa hakujuta.

Abdilatif hakurudi kuishi Kenya kwa miongo mingi. Alihamia London, akafanya kazi BBC, kisha akafundisha Leipzig, Ujerumani, mpaka alipostaafu. Hasara hiyo haihesabiki kwa miaka mitatu ya jela. Mvita ilimpoteza mwalimu, vyuo vya Kenya vikampoteza mhadhiri, na vijana wa kwao walioipenda lugha walimsoma wasimwone.

Wakati wa Rais Moi kile kifungu cha kukutwa na maandishi kilitumika mpaka kikafika vyumbani mwa watu. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita kwa madai ya kupatikana na chapisho la uchochezi. Mwaka 1990, katika siku za ghadhabu zilizofuata kuuawa kwa Waziri Robert Ouko, Mchungaji Lawford Imunde alifungwa miaka sita kwa maneno aliyoyaandika katika shajara yake mwenyewe. Hakuwa ameyahubiri kanisani wala kuyapeleka gazetini. Nashindwa kufikiria ni nani aliyechochewa na shajara ya mtu iliyofungwa ndani ya nyumba yake. Gitobu Imanyara wa Nairobi Law Monthly naye alishtakiwa kwa uchochezi, na jarida likapigwa marufuku, kwa kuandika juu ya mambo ambayo wakili yeyote angeyaandika.

Wapo wanaosema, na wanasema kwa nia njema, kwamba nchi zetu ni changa na maneno huua. Ni kweli maneno huua. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwataja watu kwa majina na kuelekeza wauaji. Lakini tuitazame RTLM vizuri. Haikuwa sauti ya wapinzani wanaoidharau serikali. Ilikuwa redio ya watu walio karibu na utawala, na waliotajwa wauawe walikuwa raia. Sheria ya uchochezi tuliyorithi haikutungwa kwa ajili ya raia hao. Ilitungwa kwa ajili ya heshima ya wenye mamlaka. Mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilipowatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze mwezi Desemba 2003, miongoni mwa makosa yao lilikuwamo la kuchochea mauaji ya kimbari, waziwazi na moja kwa moja. Hilo ni kosa lingine kabisa. Linataka uthibitisho kwamba maneno yalielekezwa kwenye kuua watu. Halimuulizi mtu kama anampenda Rais.

Kufutwa kwa sheria hii kumekwenda kwa kuchechemea. Kenya iliondoa vifungu vya uchochezi mwaka 1997, katika mabadiliko yaliyokubaliwa na vyama kabla ya uchaguzi, baada ya maandamano na damu ya mitaani. Uingereza, ilikozaliwa, ililifuta kosa hili kwa sheria ya mwaka 2009, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba kuwapo kwake kulizipa serikali za nchi nyingine kisingizio cha kubaki nalo. Uganda ilingoja mahakama. Mwaka 2005 mwandishi Andrew Mwenda alishtakiwa kwa maneno aliyoyasema redioni juu ya ajali ya helikopta iliyomuua John Garang. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba vifungu vya uchochezi vinapingana na katiba, vikafa hapo. Tanzania ilikuwa imeonywa na watu wake wenyewe. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliorodhesha sheria 40 za kukandamiza katika ripoti yake ya mwaka 1992, Sheria ya Magazeti ya 1976 ikiwemo. Sheria hiyo ilidumu robo karne nyingine. Ilipofutwa mwaka 2016, Sheria ya Huduma za Habari iliyochukua nafasi yake ilikuja na makosa ya uchochezi ndani yake, na mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba vifungu hivyo, pamoja na vingine kadhaa, vinakiuka mkataba wa Jumuiya.

Wala Kenya isijione imevuka. Sheria yake ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, ilipotungwa, ilimtishia anayechapisha habari za uongo za kuleta taharuki kifungo cha mpaka miaka 10. Wa kuamua kipi ni uongo na kipi ni taharuki, kwanza kabisa, alikuwa polisi anayekamata. Mwanablogu wa leo akilala rumande siku mbili kisha kesi ikaondolewa, jirani zake wameshaelewa somo.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa fasihi, kuanzia sekondari hadi vyuo vikuu. Mnapofundisha Sauti ya Dhiki, wapeni wanafunzi waisome pia Kenya: Twendapi?, waraka uliomfungisha mtunzi. Ulikwishachapishwa tena, katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, na ni kurasa chache tu. Wauweke mezani kando ya vifungu vya kanuni ya adhabu ya 1930, wasome mstari kwa mstari, kisha waamue wenyewe mtu yule alistahili kufungwa kwa lipi.